Gemu lilivyokwama kwenye monita ya 4K, na nilivyolitatua

Mdogo wangu yuko Shangani, Mtwara. Mchana kompyuta yake ni ya hesabu za korosho, usiku ni gemu la mpira. Alipofunga monita ya 4K ya inchi 27, Excel ikasomeka safi sana, ila gemu likaanza kukwama: anabonyeza kupiga shuti, mchezaji anachelewa kunyanyua mguu.

Monita ilikuwa nzima. 4K ni pikseli, yaani vinukta vinavyounda picha, 3840 kwa 2160, zaidi ya milioni 8. Full HD, 1920 kwa 1080, ina kama milioni 2. Kadi yake ya picha, kile kifaa cha ndani ya kompyuta kinachochora picha, ni ya siku nyingi, na ilibebeshwa kazi mara nne.

Windows niliiacha kwenye 4K, nikakuza maandishi hadi asilimia 150, maana bila hivyo tarakimu zinakuwa kama punje za ufuta. Kisha kwenye mipangilio ya gemu lenyewe nikashusha hadi 1920 kwa 1080. Likateleza palepale.

Anayenunua sasa kwa kazi na gemu, mimi ningemwambia achukue 2560 kwa 1440 kwenye inchi 27. Kwa inchi 24, Full HD inatosha kabisa.