Siku moja maishani mwangu: leo tunapapasa migongo ya kondoo, Kisesa

Saa 11 alfajiri nshaamka, upepo wa ziwa unapuliza na zizini wanalia wanataka kutoka. Leo hawatoki mapema, napima unono wa majike yote 34 kabla sijaingiza dume mwezi wa saba, maana mimba ni kama miezi mitano, wakipandwa mwezi wa saba wanazaa Desemba majani yapo.

Saa 1 kijana wa jirani kafika, mwangaluka kaka, mwangaluka, tukaanza. Yeye anashika mi napapasa mgongo nyuma ya ubavu wa mwisho, nasikilizia uti na vile vifupa vya pembeni. Vikichoma kama meno ya chanuo huyo ni 1, ukivisikia kirahisi ila ncha zimeviringana huyo ni 2, ukilazimika kubonyeza kidogo ndo uupate mfupa huyo ni 3, ndo namtaka, kipimo kinaishia 5. Mkia msiuangalie jamani, hawa wetu wanaweka mafuta mkiani, unaona mkia umejaa kumbe mgongo umeisha. Mwaka jana nilipima kwa macho tu nikaachia dume, nane wakabaki bila mimba, iliniuma sana.

Saa 4 hesabu: 19 wana 3, wawili wamepitiliza unene, 13 wana 2. Hao 13 karibu wote wametoka kunyonyesha, wawili bado wananyonywa na watoto wakubwa kabisa, nimewatenga leo leo. Nikawafunua kope, watano weupe ndani, damu imepungua, minyoo hiyo, wakapewa dawa.

Mchana boda kaniletea mashudu ya pamba na pumba. Wale 19 wanaanza kuongezewa kidogo kidogo kuanzia leo, wiki tatu kabla ya dume na tatu baada, mwili ukiwa unapanda ndo mayai yanaweza kutoka mawili ukapata mapacha. Wanene majani tu. Wale 13 siwezi kuwakimbiza, kutoka 2 kufika 3 ni wiki 6 mpaka 8, wao dume mwisho wa Agosti.

Jioni dume, korodani ngumu vizuri. Yeye nalisha tangu mwezi uliopita, mbegu zinachukua kama wiki 7 kutengenezwa.

Saa 2 usiku naandika daftari, mama akauliza kwa nini kondoo wake mwenye doa yuko kundi la kusubiri, mbona kanona. Nikamwambia mama nenda kamshike mgongo. Akachukua tochi akaenda, akarudi akasema haya, mwache mpaka Agosti.