Kampuni ya Bima Ikifilisika, Fidia ya Mfanyakazi Anadaiwa Nani?

Kijana mmoja wa mtaani kwetu hapa Jinja, Uganda, alikatwa vidole viwili na msumeno wa karakana ya mbao, na sasa anazunguka na bahasha yenye fomu ya hospitali, barua ya mwenyekiti wa LC1 (baraza la mtaa) na karatasi za mshahara, kwa sababu tajiri wake amemwambia kwamba kampuni ya bima imefilisika, kwa hiyo asubiri. Jibu hilo linaniudhi sana, kwa kuwa halina msingi katika sheria.

Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya Uganda ya mwaka 2000 inamtwika mwajiri mwenyewe deni la fidia. Bima, ambayo sheria hiyohiyo inamlazimisha kukata, ni mkataba wake na kampuni ya bima; kampuni hiyo ikianguka, anayepaswa kumfuata mfilisi, yaani msimamizi wa mali zake, ni mwajiri, wala si aliyeumia. Mfanyakazi anatakiwa kumjulisha mwajiri habari za ajali ndani ya mwezi mmoja, kisha apeleke shauri kwa afisa wa kazi wa wilaya. Kwa kifo au ulemavu kamili wa kudumu, fidia ni mapato ya miezi 60, yaani shilingi milioni 24 kwa anayelipwa 400,000 kwa mwezi. Ulemavu wa sehemu hulipwa kwa asilimia ya kiasi hicho.

Tatizo ni kwamba waajiri wengi wadogo hawana fedha hizo. Sheria ya Ufilisi ya 2011 inaiweka fidia miongoni mwa madeni ya kipaumbele mwajiri naye anapofilisika, lakini kipaumbele hakisaidii pasipo na mali ya kuuzwa.

Marekani, kampuni ya bima ya Reliance ya Pennsylvania ilipofilisiwa Oktoba 2001, mifuko ya dhamana ya majimbo, inayolipa madai ya kampuni za bima zilizoanguka, iliyapokea madai ya majeruhi, na katika majimbo mengi fidia ya kazini haiwekewi ukomo unaowekewa madai mengine. Tanzania ilipita njia tofauti: kwa sheria ya 2008 iliunda mfuko wa umma, ulioanza kazi 2015 na unaochangiwa na waajiri, hivyo mfanyakazi hategemei uhai wa kampuni binafsi ya bima. Mimi naunga mkono njia ya Tanzania, kwa sababu karakana ndogo, ambazo misumeno yake mara nyingi haina kinga, ndizo zisizoweza kubeba deni kama hili peke yake.