Mama wa dirishani

Leo mchana nimetazama kipindi cha zamani cha Marekani, The Goldbergs, cha Gertrude Berg.

Mama huyu Myahudi alikianzisha redioni 1929. Aliandika mwenyewe, na mhusika mkuu, Molly, mama wa familia ya Goldberg, akamwigiza mwenyewe. 1949 akaingia kwenye televisheni.

Kilichonimaliza ni lile dirisha. Molly anaegemea kizingiti, anakutazama usoni, anapiga soga kama jirani yako wa Bronx, mtaa wa New York. Kumbe katikati ya umbea anakuuzia kahawa! Nimecheka peke yangu.

Halafu nikasoma habari za Philip Loeb, aliyeigiza mume wa Molly. 1950 alituhumiwa ukomunisti. Berg akakataa kumfukuza, na 1951 kituo cha televisheni cha CBS kikakiondoa kipindi. Kiliporudi 1952, Loeb hakuwemo.

Kicheko kikaniishia palepale.

Jamani, nyie mngekuwa Berg mngefanyaje?