Saa ya Pendulamu Kisumu: Kwa Nini Inachelewa, na Namna ya Kuifufua

Chukua saa ya ukutani iliyokuwa ikienda sawasawa London, itundike Kisumu bila kugusa nati yoyote, nayo itachelewa karibu dakika mbili na nusu kila siku. Haina ubovu. Huku Ikweta mvuto wa dunia umepungua kidogo kuliko Ulaya, kwa hiyo pendulamu, ile timazi inayobembea chini ya mashine, inarudi polepole zaidi. Mfaransa Jean Richer aliligundua jambo hili mwaka 1672 alipofika Cayenne, Amerika Kusini, na saa yake iliyopimwa Paris. Ikabidi aifupishe pendulamu. Kwa saa ya kawaida yenye pendulamu ya sentimita 25, dawa yenyewe haifiki hata milimita moja.

Naanza na hili kwa sababu ndilo linaloharibu saa nyingi. Mwenye nyumba anaona saa inachelewa, anadhani imekauka, anaipulizia mafuta. Mafuta yanashika vumbi, vumbi linageuka msasa, msasa unakula mashimo ya mashine. Nakuru ni vibaya zaidi. Hata jina la mji huo husemwa limetokana na neno la Kimaasai la mahali pa vumbi. Miaka michache baadaye saa inasimama kweli, na hapo inauzwa kama kuni.

Kuni hizo ndizo za kutafuta. Zunguka soko la Kibuye siku ya Jumapili, hudhuria minada ya vyombo vya nyumbani, uliza kwenye mabanda ya fanicha kuukuu. Fungua mlango wa saa kabla hujataja bei. Matundu mawili ya ufunguo usoni maana yake inagonga: mara nyingi la kulia ni la mwendo, la kushoto ni la kengele. Matatu, inapiga na muziki kila robo saa, na kama hujawahi kufungua mashine yoyote usianze na hiyo. Nyota yenye herufi J ni Junghans ya Ujerumani. Ansonia na Seth Thomas ni za Marekani. Zipo pia za Kijapani zilizoandikwa 31 usoni, yaani siku 31 kwa kujazwa mara moja. Springi zake zina nguvu ya kutisha. Chungulia nyuma ya uso pia, maana masanduku mengi mazuri yametolewa mashine yakawekewa ya betri, matundu ya ufunguo yakabaki pambo.

Tia ufunguo. Ukizunguka bila kukaza kabisa, springi imekatika au imechomoka kwenye ndoano. Ukikataa kuzunguka, muuzaji atakwambia "ilijazwa ikapita kiasi," na atakupunguzia bei. Mshukuru. Springi iliyojaa haisimamishi saa hata siku moja. Kilichoisimamisha ni uchafu, au imetundikwa mshazari. Sogeza kwa kidole ule waya unaosukuma pendulamu, kushoto na kulia. Ikijibu tik-tak, mashine iko hai.

Kisha ing'oe pendulamu kabla ya kupanda matatu. Imening'inizwa kwa utepe wa chuma mwembamba kama karatasi, na matuta mawili ya barabarani yanatosha kuukata. Ukishakatika, tafuta wa unene uleule. Kipande cha futi ya chuma ya fundi ni kinene mno: saa itakimbia, au pendulamu itakataa kubembea.

Springi kwanza, skrubu baadaye

Hapa ndipo watu huumia vidole. Springi iliyojazwa ikiachiliwa kwa ghafla hung'oa meno ya gia na kupasua ngozi. Kabla ya kufungua nati hata moja ya mabamba, yale mapande mawili ya brasi yanayoshika magurudumu, punguza nguvu ya springi zote mbili. Vaa glavu ya ngozi. Ushike ufunguo sawasawa, uzungushe kidogo kama unayejaza, na kwa bisibisi ndogo kiinue kile kidole kinachozuia gia ya kujazia. Acha ufunguo uteleze mkononi nusu mzunguko, rudisha kidole, shika upya, endelea. Ufunguo wa mabawa unapiga. Ukimwomba seremala akuchongee mpini wa mbao wa mviringo wenye tundu la mraba, kazi inakuwa salama zaidi. Umemaliza pale gia kubwa inapochezacheza bila nguvu.

Saa nyingi za Kimarekani springi yake iko wazi, haina kopo. Hiyo ijaze kwanza mpaka mwisho, ivishe pete ya waya mnene wa chuma uliokunjwa kama herufi C, kisha iachie ijifungue ndani ya pete. Bila pete itatanuka mpaka usiweze kuirudisha kati ya mabamba.

Piga picha kwa simu kila unapotoa kitu, na pia pembeni, kuonyesha waya zipi ziko juu ya zipi. Magurudumu ya mwendo yaweke kwenye sahani moja, ya kengele sahani nyingine. Yanafanana kuliko unavyodhani.

Kuosha

Maji ya moto lita moja, kijiko kimoja cha mezani cha sabuni ya vyombo, na mililita 100 za amonia ya nyumbani. Fanyia nje, na usiichanganye kamwe na Jik, hewa yake ni sumu. Loweka vipande vya brasi dakika 15 hadi 20, sugua kwa mswaki laini, toa. Ukiacha usiku kucha amonia inaidhoofisha brasi, na nyufa hutokea baadaye. Springi usiiloweke, ipanguse kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, kisha kwa kikavu. Nyundo ya kengele nayo isiingie majini ikiwa kichwa chake kina ngozi. Ngozi hiyo ikiwa imekuwa ngumu na sauti inakwaruza, ichome kwa sindano mara kadhaa ilainike.

Suuza kwa maji ya moto, zamisha kwenye spiriti ili kuondoa maji yaliyobaki, kausha kwa draya ya nywele. Kisumu usiache kitu kijikaushe chenyewe, maana unyevu wa ziwa utatia kutu kwenye ekseli kabla ya jioni. Halafu vijiti vya meno: choma kimoja katika kila shimo la bamba, kizungushe, kitatoka cheusi. Chukua kingine. Rudia mpaka kitoke cheupe. Mabamba mawili yanaweza kumaliza vijiti 40, na hapa ndipo fundi mvivu anapojulikana, kwa sababu brasi iliyong'aa yenye mashimo meusi itasimama tena baada ya mwezi.

Sasa tazama mashimo yenyewe. Shimo la duara ni zima. Lililokuwa yai limeliwa, na mara nyingi utaona tope la kijani au jeusi kando yake. Gurudumu la shimo hilo limehama, na meno yake yanaumana na jirani vibaya. Kuna mafundi wanaopiga tindo kuzunguka shimo ili brasi isogee na kulibana. Inafanya kazi miezi michache, na inaacha makovu ambayo hayafutiki. Njia ya haki ni kutia bushi ya brasi, yaani kipande kidogo cha bomba. Anza kwa kula kwa faili upande usiolika, ili kitovu kirudi mahali pake pa asili, ndipo upanue shimo, ugongee bushi kutoka ndani, na uliweke tundu sawa na ncha ya ekseli. Bushi yenyewe hata fundi wa leizi wa jua kali ataichonga ukimpelekea vipimo vya milimita. Tundu likiwa sawa, gurudumu likisimamishwa peke yake shimoni linaegemea kidogo tu, kama mtu aliyesinzia.

Unganisha tena bila ile nanga inayotoa tik-tak. Jaza springi nusu mzunguko. Magurudumu yazunguke kwa wepesi, na yakiishiwa nguvu yarudi nyuma kidogo kabla ya kutulia. Yakikatika ghafla kuna shimo bado chafu au ekseli imepinda. Usiendelee mpaka ulipate.

Mafuta

Tumia mafuta ya saa. Ya kupikia yanakuwa gundi. Ya cherehani ni mepesi mno, yanatambaa bambani na kuacha shimo kavu. Dawa ya kupuliza ya kulegeza nati hukauka ikaacha utando. Chovya ncha ya sindano, gusa kikombe kidogo kilichozunguka kila shimo, kijae nusu tu. Nyuso mbili za nanga zinazoguswa na meno zipate kidogo. Springi ipakwe grisi nyepesi. Meno ya magurudumu yabaki makavu kabisa.

Ukutani

Saa nyingi "zilizokufa" zinafufuka hapa bila kufunguliwa. Sikiliza: tik, tak, tik, tak, nafasi sawa. Ukisikia tik-tak, kimya, tik-tak, inachechemea, na itasimama ndani ya dakika chache. Sukuma chini ya sanduku kushoto au kulia mpaka mapigo yalingane. Sanduku likibaki limepinda na linaudhi macho, linyooshe kwa pimamaji, kisha upinde kidogo ule waya unaosukuma pendulamu, kuelekea upande ambao pigo linawahi kuja. Kidogo kabisa. Sikiliza tena usiku nyumba ikiwa kimya.

Mwendo unarekebishwa kwa nati iliyo chini ya pendulamu. Kuipandisha kunaharakisha, kuishusha kunachelewesha. Kwa pendulamu ya sentimita 25, milimita moja ni karibu dakika tatu kwa siku; kwa saa ndefu ya kusimama sakafuni, yenye pendulamu ya karibu mita moja, milimita ileile ni sekunde 43 tu. Linganisha na simu kila siku saa ileile, geuza nati nusu mzunguko, ngoja siku nzima. Anayegeuza kila baada ya saa moja hajui anapima nini. Na ukiihamisha kutoka Nakuru, mita 1,850 hivi juu ya bahari, ukaileta Kisumu iliyo mita 1,130, tegemea itatangulia sekunde kadhaa kwa siku.

Kengele ina ukorofi wake. Saa inayogonga saa na nusu saa hupiga mara 180 kwa siku, na katika mashine nyingi za zamani hesabu iko kwenye gurudumu lenye mikato, lisilojua mishale inaonyesha nini. Ukisogeza mshale wa dakika bila kungoja imalize kugonga, hesabu inapotea. Kuirudisha, inua kwa kidole waya unaoingia kwenye mikato, igonge, rudia mpaka hesabu ilingane na mshale mfupi. Ikigonga saba asubuhi watoto waseme ni saa moja, iache. Kuna watu wanaochapisha uso mpya wa saa za Kiswahili, na kengele inabaki kuwapinga mara 24 kwa siku.

Uso wa karatasi usiuguse kwa maji. Kwenye saa ndogo za kengele za zamani, rangi ya kung'aa gizani ambayo sasa imekufa ikawa kahawia inaweza kuwa na radiamu, usiikwaruze. Sanduku lipanguse kwa kitambaa kilichokamuliwa sana, na kabla ya kupaka vanishi gusa kwa spiriti mahali pasipoonekana. Rangi ikinata kidoleni ni sheleki ya asili, ipakiwe sheleki juu yake. Vitobo vidogo vinavyomwaga unga mpya ni fukusi: tia dawa ya mbao kwa sindano, tundu kwa tundu, mashine ikiwa nje.

Mwisho, ziba matundu. Nyigu wanaojenga kwa udongo hupenda tundu la ufunguo, na mjusi kafiri hutaga nyuma ya mashine, mayai mawili meupe yaliyogandishwa kwenye mbao pale pendulamu inapopita. Wavu wa dirisha uliobanwa ndani kwa pini ndogo unatosha.