Krediti 11

Jumamosi nilikuwa dukani kwa Wasomali, nimeinama kwenye rafu ya chini nachagua mchele, simu ikalia. Binti ya mjomba. "Dada, nahama wikendi hii. Zile silabasi za masomo nilizomaliza naweza kutupa?" Chini yake picha ya boksi la viatu limejaa karatasi hadi mfuniko haufungi.

Mkononi nilikuwa na mfuko wa basmati, ule mkubwa wa kitambaa wenye zipu na mishikio. Najua mtasema natunga. Nikaufungua zipu kidogo, nikaunusa.

Basi niwape habari ya Agosti 2014.

Ya kabla ya hapo nayapita mbio. Nilikuwa nafanya zamu za usiku kwenye nyumba ya watu wazima wenye ulemavu kule Brooklyn Park, kama nusu ya Wakenya mnaowajua Minnesota. Kila mtu alidhani naelekea uuguzi, maana ndiyo njia iliyokanyagwa: unaanza na cheti cha usaidizi, unapanda LPN, nesi wa ngazi ya chini, unapanda RN, nesi kamili, unanunua nyumba yenye gereji mbili. Mimi nikaenda chuo cha jamii, kile cha miaka miwili, nikajiandikisha huduma za jamii. Shangazi yangu akaniuliza baada ya ibada, mbele ya sufuria za chai, huduma za jamii ndiyo nini. Nikamweleza. Familia imetolewa nyumba kwa kukosa kodi, mimi ndiye wanayekutana naye kwanza. Mtu katoka jela leo asubuhi hana hata kitambulisho, mimi ndiye ninayejua aanzie dirisha gani. Akanisikiliza mpaka mwisho, akapuliza chai yake, akasema, "Kwa hiyo hata sindano hutadunga."

Nilimaliza. Asosieti yangu, ile shahada ya miaka miwili, ilikuwa na herufi tatu, AAS. Rafiki yangu tuliyekuwa tukipanda basi moja alipata yenye herufi mbili, AA. Nilitazama cheti chake nikamwonea huruma kidogo. Yangu ilikuwa ndefu, nikadhani imezidi.

Ile herufi ya tatu ndiyo iliyonifikisha kwenye ofisi ya chuo kikuu, nilipotaka kuendelea na shahada ya kwanza. AA ni ya anayekwenda mbele kutafuta shahada ya kwanza. AAS ni ya anayetoka darasani kwenda kazini moja kwa moja, kwa hiyo masomo ya kazi yenyewe yamejaa, na ya jumla, hesabu na historia na sayansi, ni machache. Katika jimbo hili ukikamilisha lile fungu la masomo ya jumla, krediti 40 (krediti ndiyo kipimo cha uzito wa somo chuoni), vyuo vikuu vya umma vinalipokea zima zima kama lilivyo. Usipokamilisha, unapimwa somo moja moja kama samaki mzanini. Mimi sikuwa nimekamilisha. Hakuna aliyenificha jambo hilo. Lilikuwa limeandikwa mahali fulani, nami nilikuwa nalala saa nne kwa siku.

Siku yenyewe nilitoka zamu asubuhi nikapanda Green Line kwenda chuo kikuu. Treni ilikuwa imeanza kubeba watu Juni ile ile, viti bado vinanukia upya, na mimi nilikuwa na sare ya kazi chini ya sweta. Sweta mwezi wa Agosti, ndiyo. Ofisi za nchi hii wakati wa kiangazi ni za kuhifadhia nyama. Kwenye benchi nje ya ofisi alikaa kijana wa Kihmong, jamii kutoka Asia, mwenye simu tu mkononi, naye anasubiri mambo hayo hayo. Nikaitwa kabla yake.

Mshauri wa masomo alikuwa mama wa makamo, mpole kabisa. Bora angekuwa mkali, ningejua nimkasirikie nani. Akaigeuza skrini ili na mimi nione, akaanza kushuka na kidole.

"Hili la hiari. La hiari. Hili sawa. La hiari. La hiari."

Alisoma kama karani anayehesabu magunia. Alipofika chini akatabasamu, akaniambia krediti zangu 64 zimepokelewa zote. Nikashusha pumzi. Kisha akaongeza kwamba zinazoingia kwenye shahada yenyewe ni 38, zile za hiari zinabaki pembeni.

Zimepokelewa, ila haziingii. Nimeshaenda arusi za namna hiyo. Unapokelewa getini kwa vigelegele, unafika ndani viti vimekwisha.

Nikakitazama kidole chake kilipokuwa kimesimama. Kilikuwa juu ya mafunzo yangu ya vitendo, nusu mwaka kwenye ghala la chakula cha msaada. La hiari. Kulikuwa na mzee aliyekuja kila Jumanne akarudisha maharagwe makavu, kila Jumanne, bila maelezo. Nilidhani ana maringo. Ilinichukua wiki tatu kujua kwamba chumba alichopanga hakikuwa na jiko. Kwangu krediti za somo lile zilikuwa ni wiki hizo tatu. Zilizobaki zilikuwa kupanga makopo.

Na juu yake kidogo, stadi za mahojiano. La hiari pia.

"Hili kwa nini?" nikauliza.

"Lenu ni la ngazi ya 100, la mwaka wa kwanza," akasema. "La kwetu ni la ngazi ya 300, la mwaka wa tatu."

Nikanyamaza.

Ngoja niwaambie kuhusu kunyamaza. Katika somo lile la ngazi ya 100 mwalimu wetu alitufundisha kunyamaza, kwa saa nzima nzima, wawili wawili, magoti yanakaribia kugusana. Unauliza swali, halafu unahesabu moyoni, humwokoi mwenzako kwa maneno yako. Wengi walikuwa wanashindwa kwenye nne. Mtu anakohoa, anacheka, anauliza swali jingine. Mimi nilikuwa nafika mbali kwa sababu nimelelewa na bibi ambaye hakujibu swali kabla ya kumaliza kuchambua mboga.

Sasa siku hiyo sikunyamaza kwa ujanja. Nilinyamaza kwa sababu ningefungua mdomo ningelia, na sare ile ya kazi haikufaa kulilia. Lakini moyo ulishazoea, ukaanza kuhesabu wenyewe.

Kwenye nne akakisogeza kikombe chake, chenye picha ya loon, ndege wa jimbo. Kwenye saba nilitaka kumwambia kwamba fani hii hii imekulia kwenye vyuo kama changu. Kwamba Kennedy alipotia saini ile sheria ya afya ya akili mwaka 1963, watu wakaanza kutolewa kwenye hospitali kubwa kurudi mitaani, hakukuwa na wataalamu wa kutosha wa kuwapokea, na vyuo vya miaka miwili vikaanza kufundisha watu wa kuketi nao. Nililijibu swali hilo kwenye mtihani nikapata yote. Sikusema. Kwenye tisa nikafikiria ruzuku ya Pell, ile ya serikali kwa wanafunzi wasio na uwezo, ambayo ina kikomo cha mihula 12, na mihula niliyokwisha kuila. Kwenye kumi na tatu mashine ya baridi ikanguruma juu ya vichwa vyetu. Yeye akaitazama skrini, akanitazama mimi, akatazama sweta.

Kwenye kumi na saba akasema, "Una silabasi?"

Nikaunyanyua mfuko wa mchele kutoka sakafuni, nikauweka juu ya meza yake.

Baba yangu alikuwa karani wa stesheni Voi, pale njia ya Taveta inapochomoka. Mabehewa yalikatwa kutoka treni moja yakaungwa kwenye nyingine, na kazi yake ilikuwa karatasi za mabehewa hayo. Behewa laweza kuachwa pembeni siku mbili, lakini karatasi yake isipotee. Basi nyumbani akawa hivyo hivyo: risiti ya misumari, risiti ya miwani ya mwaka 1988, zote kwenye kasha. Mama alikuwa akiwashia jiko zile za zamani, kwa siri, akianzia chini ili asijue. Mimi sikurithi urefu wake wala hati yake nzuri. Nilirithi kutotupa.

Nikafungua zipu. Harufu ya mchele ikapanda, pale ofisini, kama mtu amefunua sufuria. Silabasi zote zilikuwemo, muhula kwa muhula, zimefungwa kwa raba, na punje moja ikadondoka kwenye kibodi yake. Tuliitazama wote wawili. Akaitoa kwa ukucha, akaiweka pembeni ya kikombe, hakuitupa. Halafu akavaa miwani akaanza kusoma, kweli kusoma, ukurasa kwa ukurasa, vitabu tulivyotumia, saa za vitendo, alama ziligawanywaje. Akainuka kwenda kutoa nakala. Nilisikia mashine ile ikipiga kwa muda mrefu, nami nikasinzia kwenye kiti.

Karatasi zikaenda kwa walimu wa idara. Wiki tatu. Kati ya zile 26 zilizokuwa zinaelea, 15 zikaingia, mafunzo ya vitendo yakiwemo. 11 hazikuingia.

Nikampigia Mama. Kwangu mchana, kwake saa mbili usiku, nasikia redio na mbwa wa jirani.

"Mama, krediti zangu kumi na moja zimepotea."

"Zimepotea vipi? Si ulikuwa unaongea na watu?"

"Sio za simu, Mama. Za chuo. Nilikuwa nazihamisha."

"Ulimsambazia nani?"

Nilieleza, nadhani, robo saa. Alisema amenielewa. Asubuhi yake akatuma krediti ya shilingi mia kwenye laini yangu ya zamani ya Kenya, ili nisikwame. Laini hiyo alikuwa nayo kaka yangu tangu nilipoondoka. Alizitumia, hakuuliza zimetoka wapi.

Hizo 11 nilizirudia, ni muhula mzima kasoro kidogo. Stadi za mahojiano zilikuwa mojawapo. Kitabu kilikuwa kile kile, toleo jipya, jalada la kijani badala ya la bluu, na mifano miwili imebadilishwa majina. Chuo cha jamii nilikuwa nimepata A. Safari hii nikapata B+. Mwalimu aliandika pembeni ya video yangu ya mwisho kwamba nina usikivu mzuri, ila nanyamaza kupita kiasi.

Nilihitimu 2016. Shangazi alikuja na keki yenye picha ya nesi.

Kisa hiki nimekisimulia mara nyingi, na kwa miaka mingi nilikisimulia kama ushindi wa mfuko wa mchele. Watu wanacheka kwenye punje, wanapiga makofi kwenye 15. Siku hizi vyuo vya umma vya jimbo hili vina njia za uhamisho zilizopangwa tangu mwanzo, kwa hiyo labda habari yenyewe imepitwa na wakati. Ila nimeanza kumkumbuka yule kijana wa benchini. Nilipotoka na mfuko wangu begani alikuwa bado amekaa pale, simu yake imechomekwa ukutani, na aliponitazama nilimpa lile tabasamu la mtu aliyekwishaonwa na daktari. Sikumwambia kwamba watamuuliza silabasi. Ingenichukua nusu dakika. Nilikuwa na usingizi, na furaha, na treni ilikuwa inakuja.

Labda alikuwa nazo kwenye simu. Labda alikuwa na AA.

Nikamjibu binti ya mjomba: "Usitupe."

Akajibu papo hapo: "Mpaka lini?"

Nilikuwa bado nafikiria la kumwambia, za kwangu ziko chini ya kitanda mpaka leo, mwenye duka akaniita kutoka kaunta akaniuliza kama huo mchele naununua au naunusa tu.