Siku moja na baiskeli ya nazi, Tanga

Wageni wakitaka kujua pa kula Tanga huwauliza madereva wa bajaji. Dereva atakupeleka kwa shemeji yake. Niulize miye ninayewapelekea nazi. Mwenye mgahawa anaweza kupaka rangi ukuta na kutandika vitambaa mezani, lakini hawezi kunificha anachukua nazi ngapi kwa siku. Basi hii ni Jumanne iliyopita, tangu giza hadi giza.

Saa 10:30 alfajiri niko sokoni Mgandini. Gari la Pangani limeshashusha, na nazi zimemwagwa chini juu ya turubai. Hapa ndipo kazi ilipo, kwa sababu ukikosea kuchagua alfajiri utatukanwa mpaka jioni. Naitikisa moja moja karibu na sikio. Nazi iliyokomaa hulia maji. Koroma, ambalo halijakomaa bado, limejaa maji hadi juu, kwa hiyo halilii, na tui lake ni jepesi kama maji ya kuoshea mchele. Isiyolia kwa kuwa imekauka, hiyo nayo ni mbata au imepasuka, na ukiipeleka kwa mpishi utakuwa umemharibia sufuria nzima.

Bei imepanda tena. Nauziwa 900 kwa jumla, nami nauza 1,200. Wateja hudhani ni ulafi wangu. Minazi mingi ya mwambao wetu ilikufa kwa ugonjwa wa kunyong'onyea, na mnazi mrefu wa kienyeji ukiupanda leo utasubiri miaka 6 au zaidi uuone ukizaa. Kisha nazi yenyewe inakaa juu karibu mwaka mzima ndipo ikomae. Nani ana subira hiyo?

Nachukua 110 kama kawaida. Matenga mawili, moja kila upande wa kerieri, yamefungwa kwa kamba ya katani. Nazi iliyofuliwa haipungui nusu kilo, kwa hiyo piga hesabu mwenyewe mzigo wangu una kilo ngapi. Namshukuru Mungu mji wetu ni tambarare.

Saa 12 kamili nafika Ngamiani, kwa bibi wa vitumbua. Ngamiani barabara zina namba badala ya majina, na namba ya barabara yake siisemi, maana foleni iliyopo inatosha. Anachukua nazi 5, lakini kwanza anapasua moja mbele yangu, anaonja maji yake, anaangalia juu kama mtu anayekumbuka jambo, halafu ndipo anasema, "Haya, weka."

"Shikamoo bibi. Hata leo huniamini?"

"Marahaba mjukuu wangu. Weye nakuamini. Nazi ndiyo siiamini."

Mchele wake unalowekwa tangu jana yake, unasagwa pamoja na tui zito, iliki na hamira, unaachwa uumuke. Kitumbua chenye tui la kutosha hubanduka chenyewe kwenye chuma kwa kijiti tu. Chenye tui la kubahatisha hung'ang'ania, na mpishi huongeza mafuta ili kimwachie. Ndiyo maana ukishika kitumbua na karatasi ikalowa mafuta mpaka nyuma, jua kuna nazi imeibwa mahali. Nilikula vitatu na chai ya rangi yenye tangawizi, nimesimama, mkono mmoja kwenye usukani.

Kati ya saa 1 na saa 3 ni mbio tu. Mgahawa wa mbaazi na maandazi, nazi 15. Wa jirani yake, wenye mbaazi hizohizo na bei ileile, nazi 6. Sufuria zao zinalingana. Sisemi kitu, nazishusha tu na kuondoka.

Saa 4 asubuhi nilipanda Raskazone. Huko kumefunguliwa kafe yenye viti vya mito na mashine ya kahawa inayopiga mvuke kama garimoshi. Nazi wanachukua 20, na madafu nawaletea siku za wikiendi. Kahawa yao kikombe kimoja ni 5,000. Nilipoiona bei hiyo mara ya kwanza nilicheka, lakini sasa sicheki. Pale kuna upepo wa bahari, unaona Kisiwa cha Toten, wanafunzi wanakaa na kompyuta zao saa nzima bila kufukuzwa, na samaki wao wa kupaka ana tui la kweli, nimeonja. Tatizo langu nao ni moja: wanalipa mwisho wa mwezi, na mwisho wa mwezi wao huwa hauna tarehe. Bibi wa vitumbua, mwenye benchi moja na ndoo mbili, hajawahi kunilaza na deni.

Saa 5 pancha, Chumbageni. Nikaziba.

Saa 7 mchana nikawa Makorora, kwa mama lishe ambaye miye humwita mama mkubwa, ingawa hatuna udugu ila wa wali. Banda lake ni la mabati, mabenchi manne, na ndoo ya kunawia yenye koki mlangoni. Kwa mwaka mzima amekuwa akichukua nazi 12. Wiki iliyopita zikawa 9. Siku hiyo, kabla sijateremsha tenga:

"Mwanangu, leo niachie sita."

"Sita mama mkubwa?"

"Sita. Husikii?"

Nikanyamaza, lakini moyoni nilishahukumu. Nilijua mchezo ulivyo. Nazi ikikunwa, mkamuo wa kwanza ndio kasimile, tui zito, linalotiwa mwishoni chakula kikishaiva. Mkamuo wa pili na wa tatu ni tui jepesi la kupikia. Mpishi anayebana matumizi hukamua machicha hayohayo mpaka yalie, anaongeza maji, halafu anazidisha chumvi ulimi usijue. Sheria ya kwetu ni nazi moja kwa kilo moja ya mchele, na mbili ukitaka kusifiwa. Nazi 6 kwa kilo zake 10 haikwenda. Nikajisemea, basi na huyu naye kaanza.

Nikaagiza chakula makusudi, kama hakimu anayetaka ushahidi. Wali, mchicha, na kipande cha nguru. Angeniletea bada, ule ugali wa muhogo, na mchuzi wa papa ningeshukuru zaidi, lakini bada haina nazi, na miye nilikuwa nachunguza.

Wali ulikuwa uleule. Punje moja moja, zinang'aa, na harufu inayokufikia kabla ya sahani. Mchicha ndio ulibadilika, safari hii wa karanga, na karanga yenyewe imekaangwa vizuri. Nikala hadi nusu ndipo nikainua kichwa. Mabenchi mawili yalikuwa yamesimamishwa ukutani. Saa 7 hiyo, wakati ambao mwezi uliopita ungekula umesimama, tulikuwa watu watano.

"Wale mafundi wa jengo wako wapi?" nikauliza.

"Wamemaliza jengo. Jengo likiisha fundi anabaki kula nini hapa?" Alikuwa anapanga sahani zilizokwisha kuwa safi. "Sasa napika kilo tano. Kilo tano, nazi tano, ya sita naweka ya mboga nikiwa na roho."

Kumbe hakupunguza tui. Alipunguza sufuria. Hesabu yangu yote ya idadi ya nazi, ninayojigamba nayo kwa watu, haikuwa na safu ya wateja. Nilitaka kumwachia mbili za mkopo, akanikatalia kabla sijamaliza sentensi.

"Miye sikopi kitu ambacho sijui nitamwuzia nani. Maliza wali wako, unapoa."

Nililipa 2,500 yangu. Sikumwambia nilichokuwa nimewaza.

Saa 10 alasiri nilipumzika kwenye baraza la kahawa. Muuza kahawa ana dele la shaba, mkaa chini yake, na vikombe vidogo anavyovigonganisha ili tujue yuko karibu. Kashata zake zinatokana na nazi zangu 4 za kila siku: nazi iliyokunwa, sukari, iliki, basi. Kahawa chungu haina raha bila hiyo kashata. Hapo wazee walikuwa wamefika mwaka 1988, Coastal Union ilipochukua ubingwa wa soka wa Bara, na kila mmoja alikuwepo, hata aliyekuwa na umri wa miaka 3. Nilichangia mabishano kidogo, vikombe viwili, nikaondoka kabla hawajafika kwenye African Sports, timu nyingine ya Tanga, maana hapo hawatoki mpaka magharibi.

Jioni mji unahamia mikono mingine. Vijana wa chipsi mayai wanawasha majiko, na wao hawanihitaji hata kidogo. Viazi, mayai na mafuta, basi; nazi yangu haiwahusu. Nawaonea wivu kwa foleni zao. Mkombozi wangu wa saa hizo ni kijana wa kachori na bajia kule Nguvumali, kwa sababu ya chatini. Kachori bila chatini ya nazi ni kiazi tu kilichovalishwa unga. Siku zote huchukua nazi 2. Safari hii nilimwomba aongeze, akachukua 4, akanipa na kachori mbili za moto, chatini hadi kwenye kidole.

Saa 2 usiku nikafika nyumbani Mikanjuni na nazi 4 kwenye tenga. Mke wangu alizitazama kwanza ndipo akanitazama miye.

"Zimebaki?"

"Zimebaki."

Muuza nazi nyumbani kwake hula maharage ya mafuta na kitunguu, hilo majirani wanalijua na wananitania nalo. Hakuuliza zaidi. Alichukua mbuzi ya kukunia nazi nyuma ya mlango, akaikalia, akapasua nazi mbili, mtoto akakimbilia maji yake kwa kikombe. Miye nikafungua daftari. Kwenye mstari wa Makorora nikafuta 12, nikaandika 6. Chini kabisa, kwenye jumla ya kesho Mgandini, nikaandika 104, na kule uani nikasikia anaanza kukuna.