Mbuyu uliozungumza darasani

Nafundisha darasa la awali wilayani Chamwino, na wengi wa watoto wangu hufika shuleni wakizungumza Kigogo cha nyumbani, hivyo Kiswahili cha darasani huwa kigeni kwao kwa miezi ya mwanzo. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 iliifanya elimu ya awali kuwa ya lazima kwa kipindi kisichopungua mwaka mmoja, na mwaka ni mfupi mno kwa mtoto anayeogopa kufungua kinywa.

Wiki iliyopita tuliigiza safari ya kuchota maji wakati wa kiangazi. Watoto walileta madumu matupu kutoka nyumbani, kanga moja ikawa kisima, na nafasi ya mbuyu nikampa mtoto ambaye tangu Januari hakuwahi kunijibu neno lolote, kwa kuwa nilidhani mti hauhitaji kusema. Wenzake walipofika kivulini na kuanza kugombania zamu, alinyoosha mikono yake na kusema kwa sauti: "Pangeni foleni, mmoja mmoja." Kisha akawahesabu kuanzia moja hadi tisa bila kukosea.

Nilikuwa nimeandaa vizibo vya soda kwa ajili ya somo la kuhesabu; sikuvitumia. Maneno yale hakuna aliyemkaririsha, na ndiyo maana siku hizi nawapa watoto tukio tu, nikiwaachia wenyewe mazungumzo yake.

Jana asubuhi aliniuliza kama mbuyu utakuwepo tena Ijumaa.